Nyumba Iliyokwisha kwa Foni

Mumbere alidanganya siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, mbele ya watu kumi na saba, na alidanganya kwa sauti kubwa kwa sababu foni ya Simone haikusikia sauti ndogo.

Huo ndio uliokuwa ubaya wa foni. Tangu vita vikate barabara, mtu wa Kisangani mwenye mke Goma au mama mgonjwa Bukavu alikwenda kwa Simone pale Makiso, katikati ya mji, akaketi kwenye benchi kungoja zamu, kisha akapigia kelele siri zake ndani ya ile redio ya mawimbi, kila mara akimaliza na À toi, yaani zamu yako, huku benchi zima likimsikiliza. Wengine hawakuwa hata na mtu wa kuongea naye. Walikuja na karanga zao kusikiliza ya wenzao.

"Nyumba iko namna gani? À toi!" Sauti ya Adeline ilitoka Goma ikikwaruza.

"Nyumba imeisha! À toi!"

"Imeisha kabisa? Na kuta? À toi!"

Mumbere akalitazama benchi, benchi nalo likamtazama.

"Kuta ziko. Zote ine! À toi!"

"Na majirani? Wanakujua? Siku moja ukikosa kutoka asubui, kuko mutu atakuja kuuliza? À toi!"

"Wananijua sana! Mi na wao, ni ndugu kabisa! À toi!"

Mtu mmoja benchini alikohoa. Alikuwa Mama Célestine, mke wa chifu wa mtaa wa Lubunga ambako nyumba hiyo ilisemekana imekwisha. Alikuja kumsalimia dada yake wa Bukavu. Mama huyo alijua idadi ya fito za nyumba ile, alijua kwamba haina ukuta hata mmoja, na alijua kwamba Mumbere hajawahi kumpa mkono mtu yeyote wa mtaa ule isipokuwa mume wake. Aliendelea kutafuna karanga.

"Bon," Adeline alisema kule Goma. "Donc siku ya posho tunakuja na batoto. Lakini Mumbere, nitaona na macho yangu. Kama ni uongo, narudi Goma na ndege ile ile, na hautatuona tena. Terminé."

Siku ya posho ni Jumamosi. Mumbere akahesabu: siku tano.

Tumtendee haki kidogo. Mumbere hakuwa mwongo wa kazi. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, muuza sabuni, chumvi na betri kwa jumla, Mkatoliki wa misa ya kwanza, na mzaliwa wa kwanza kama jina lake linavyosema. Kwa Wanande mtoto wa kwanza wa kiume ni Mumbere, na ukisimama katikati ya maduka ya Makiso ukaliita jina hilo, nusu ya wauza sabuni watageuka. Huyu wetu ulimtambua kwa viatu. Viatu vyake vilimeta hata msimu wa mvua, na namna alivyoruka madimbwi, ungesema bata bukini amevaa suti.

Kwa miaka tisa aliishi nyuma ya duka lake, ndani ya ukuta wa mita tatu uliopandwa vipande vya chupa juu yake. Aliuita usalama. Kisha, mwezi wa sita wa mwaka 2000, majeshi mawili ya nchi za jirani, yaliyoingia nchini bega kwa bega, yakaamua kupigana yenyewe kwa yenyewe, na mahali yalipopachagua ni katikati ya Kisangani. Siku sita. Mumbere, Adeline na mabinti wao wawili, Précieuse wa miaka tisa na Fortunée wa minne, walilala sakafuni kwenye ujia wa katikati ya nyumba, wakila biskuti za dukani na kunywa maji ya mvua.

Mabomu yaliponyamaza, Adeline alifungua lango. Nje alikutana na jirani wa ukuta kwa ukuta, mwalimu mstaafu, mzee mpole asiye na ubaya na mtu. Mzee akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Aa, madame," akasema, "kumbe mulikuwamo?"

Adeline hakuwa amelia siku zote sita. Alilia kwa neno hilo. Miaka tisa, alimwambia mumewe, miaka tisa ya kusikia kikohozi cha yule mzee, naye hajui kama tumo au hatumo. Tungekufa, harufu ndiyo ingetutangaza. Wiki iliyofuata alipanda ndege ya mizigo na watoto, akaenda kwa kaka yake Goma, akaacha sharti. Hatarudi Makiso. Atarudi mahali penye watu, ambapo mtu asipoonekana asubuhi mwingine anakwenda kuuliza.

Mumbere alisikia vizuri kwamba si Makiso. Sehemu ya pili ya sharti aliisikia kama watu wanavyosikiliza matangazo ya mwisho wa misa, mguu mmoja tayari mlangoni.

Ndivyo alivyofika Lubunga. Watu wa Makiso walikuwa na mazoea ya kuitaja Lubunga kwa kukunja pua, ng'ambo ile ya mto ambako kuna mbuzi tu na pondu, yale majani ya mihogo. Lakini mwezi wa sita nusu ya hao wenye pua walivuka na magodoro kichwani, na wengi walirudi kwao wakiwa wamenyamaza kuhusu mbuzi. Mumbere alivuka kwa mtumbwi siku moja ya mwezi wa nane, akapanda ule mwinuko wa gati, na jambo la kwanza alilosikia ni kwamba hasikii kitu. Hakuna jenereta, hakuna lori. Upepo ulitoka mtoni ukiwa na harufu ya samaki wanaokaushwa na mihogo iliyolowekwa. Kila nyumba ilikuwa na bustani yake ya pondu, na kati ya nyumba na nyumba hapakuwa na ukuta, ila vijia vilivyokatiza uani kwa watu kana kwamba uani si kwa mtu.

Alipapenda hapo hapo. Kasoro moja tu: alitaka hewa ya Lubunga bila watu wa Lubunga. Alimwuliza chifu wa mtaa, Papa Séverin, ni wapi upande huu wanauza chupa zilizovunjika.

Papa Séverin alikuwa Mgenia, mvuvi wa maporomoko, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kusimika miti ndani ya maji yanayokimbia.

"Kwetu kuno, papa, chupa tunakunywa kile iko ndani," alijibu. "Kama imevunjika, tunalia matanga."

Fundi alisimika nguzo, akafunga fito, akaezeka paa zuri la majani ya ndele. Zikabaki kuta. Na kuta za Lubunga ni potopoto, yaani udongo uliolowekwa na kukanyagwa kwa miguu mpaka uwe laini kama lituma, ndizi za kupondwa. Kazi hiyo mtu mmoja haiwezi. Lazima tope likanyagwe, libebwe na libandikwe kwa siku moja, watu ndani na watu nje, la sivyo ukuta unapasuka. Kwa hiyo mtaa ulikuwa na likelemba. Sehemu nyingine likelemba ni ya kuchanga. Hii ilikuwa ya miguu na mikono. Leo tunakanyaga kwako, kesho kwangu. Msimu huo nyumba nane zilikuwa kwenye foleni, na ya Mumbere ilikuwa ya tano.

Nyumba nne za kwanza Mumbere hakukanyaga. Alimkodi Zuberi, mwendesha toleka wa Makiso aliyechoka kubeba abiria kwa baiskeli, mtu mwenye miguu kama mihimili, akampeleka kila mara badala yake. Mumbere hakuona kosa. Yeye akiugua malaria, si huweka mtu mwingine nyuma ya meza ya duka? Na mteja si huondoka na sabuni yake? "Mikono ni mikono," alimwambia Zuberi, akafunga vizuri kamba za viatu vyake.

Hakuna aliyelalamika. "Zuberi iko muzuri, papa, aksanti sana," walimwambia wote. Na kweli, Zuberi alikuwa mzuri. Kufika nyumba ya nne alikuwa anajua nani ameota jino, nani amenuniana na nani kwa ajili ya kuku, na tayari kina mama walikuwa wakimtafutia mchumba. Mumbere yeye alipita pembeni, suruali ameipandisha kwa vidole viwili, akiwapungia kichwa kwa mbali.

Basi siku ile ya foni alivuka kwenda Lubunga ndani ya mtumbwi mmoja na Mama Célestine. Mama alimkaribisha karanga. Walipofika katikati ya mto, akauliza polepole, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Majirani wako wanakujua sana, eh, papa?"

Mumbere aligeuka kutazama magugu yaliyoelea. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na upana wa mto tu. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa na habari.

Jumatano ilikuwa zamu yake. Alikuwa amepiga hesabu: tope Jumatano, likauke Alhamisi na Ijumaa, Jumamosi mke aone kuta nne, tena mbichi kidogo lakini ni kuta. Saa moja asubuhi udongo ulikuwa umeshachimbwa, mapipa ya maji yamejaa, wali na makayabu, samaki wa chumvi, viko motoni. Zuberi alikuwepo. Mumbere alisimama barabarani na shati jeupe kuwapokea watu.

Wa kwanza kufika alikuwa Koko Nyota, mama yake Papa Séverin, nyanya wa mtaa mzima, mwenye miaka themanini na kitu ambacho hakuna aliyejua ni ngapi. Alikuja akijikongoja na kigoda chake mwenyewe.

"Séverin ananituma," akasema. "Mi njo remplaçant yake, mutu wa nafasi yake. Chai iko wapi?"

Mumbere akacheka, akidhani ni salamu. Kisha wakaja mapacha wa Sandrine, jirani wa upande wa kulia, wenye miaka mitatu, bila nguo, mmoja ameshika kijiko. Walitumwa badala ya mama yao. Kutoka kwa Exaucé fundi cherehani likaja koti lake, likatundikwa kwenye fito. Aliyelileta alisema Exaucé anaomba radhi, lakini koti hili linafanana naye sana. Katekista alituma bata kwenye kamba. Georgette, mpishi wa pombe kali ya lotoko, alituma chupa tupu na ujumbe mfupi: ukipenda, vunja.

Mumbere alingoja. Jua lilipanda. Bata alikunywa maji ya pipa.

"Koko," akasema mwishowe, "batu wako wapi?"

"Ni sisi."

"Bata atabeba potopoto? Koti itakanyaga?"

"Mikono ni mikono," Koko Nyota alisema, akipuliza chai yake.

Mumbere alimgeukia Zuberi. Zuberi alikuwa anakagua kucha zake kwa makini mno.

Hapo Mumbere alifoka. Alifoka kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, akataja ndege ya Jumamosi, akataja watoto wake, akasema amewatumia mtu mwenye nguvu mara nne, mwenye nguvu kuliko yeye! Huko kwenye vizingiti vya nyumba zao watu walimsikiliza, na hakuna aliyesogea. Alipoishiwa pumzi, Koko Nyota aliweka kikombe chini.

"Zuberi alitumika kazi muzuri," akasema. "Lakini tulimuuliza: yule bwana bibi yake ni nani? Anasema, sijue. Batoto bake wanaogopa nini? Sijue. Juu ya nini bibi alikimbia? Sijue. Sasa tunajua potopoto ya Zuberi, weye hatukujue. Kama ungekufa mu ile duka yako, tungelia nani? Tungelia viatu?"

Mapacha wakacheka, maana walielewa neno viatu.

Mumbere hakucheka. Neno lile lilimwingia mahali alipopajua. Alimwona yule mwalimu mstaafu langoni, macho yamemtoka, kumbe mulikuwamo. Alikuwa amelaumu ukuta, amevuka mto mzima kuukimbia, na hapa alikuwa ameanza kuujenga tena, safari hii kwa Zuberi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio moto. Akaketi juu ya pipa, akavua viatu.

Alipoingia kwenye tope alipiga yowe dogo kwa ubaridi, na kutoka kwenye vizingiti kikasikika kicheko cha watu wengi waliokuwa wamekibana muda mrefu. Mapacha walichukua nafasi hiyo kuvijaza viatu vyake udongo kwa kile kijiko. Siku nzima alikanyaga na Zuberi, akabandika kwa mikono, Koko akielekeza kwa fimbo. Hadi saa tisa walikuwa wamepata nusu ya ukuta mmoja. Saa kumi mvua ikaja na upepo, ukuta ukalala chini.

Jioni Papa Séverin alipita kumchukua mama yake.

"Remplaçant yangu alitumika?"

"Alikunywa chai vikombe sita," Mumbere alijibu, amelowa.

"Mama ni mutu wa kazi." Papa Séverin aliutazama ule ukuta ulioanguka. "Bon. Zamu yako imepita, papa. Foleni ni foleni. Kesho ni kwa Sandrine, kisha Exaucé, kisha katekista. Dimanche tunasali. Siku ya kwanza tunaweza kurudia kwako."

"Siku ya kwanza?" Hiyo ni Jumatatu. "Bibi yangu anafika siku ya posho! Nilimuambia nyumba imeisha!"

"Iliisha kwa foni," Papa Séverin alikubali. "Hapa bado."

Mumbere alijua la kufanya, ingawa lilimuuma. Ijumaa atavuka kwa Simone na kusema ukweli mbele ya benchi zima, na Adeline hatapanda ndege. Lakini Ijumaa ilikuwa bado. Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Sandrine, peku, suruali imekatwa magotini, akaingia kwenye tope bila kuambiwa.

Walimpokea kama watu wanavyompokea mgeni wa siku ya tatu, aliyekwisha kupewa jembe: kwa kumtania bila huruma. Miguu yake ilikuwa myeupe kuliko ya Padri. Alikanyaga kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Exaucé alijitolea kumpima suruali ya tope. Georgette aliuliza kama kweli wafanyabiashara wa Butembo huoga na sabuni wanazouza au huzionea uchungu. Na katikati ya mizaha wakamwuliza yale waliyomwuliza Zuberi, naye akajibu. Adeline ni jina lake, binti wa mwalimu, anaimba kanisani sauti ya pili na anakoroma, ingawa usimwambie. Précieuse anaogopa vyura. Fortunée hali peke yake, mpaka mtu mwingine atie mkono kwenye sahani yake. Akasimulia siku sita za ujiani na neno la yule mwalimu. Miguu yote ikasimama kwenye tope.

"Hakukuwa mutu hata moja alikuja kuwatafuta?" Sandrine aliuliza.

"Hakuna."

"Hata moja?"

Mumbere alitikisa kichwa. Alishangaa kuona kwamba amesema yote hayo mbele za watu, na kwamba haoni haya. Sandrine alimkabidhi bonge la tope, akamwambia abandike pale kwenye kona, na abandike vizuri maana hii ni nyumba yake.

Karibu saa sita ikasikika kelele kutoka gatini. Haikuwa kelele ya vita, hiyo wote waliijua. Hii ilikuwa na vicheko. Ilipanda mwinuko, ikakata kona, na mbele yake alikuwa Koko Nyota akimvuta mtu mkono. Nyuma, mabegi yalikuwa vichwani mwa watu watano. Fortunée alikuwa mgongoni mwa Mama Célestine, anatafuna samaki.

Ndege za wakati huo ziliruka zilipopata nafasi. Hii ilikuwa imekosa mzigo, rubani akasema wanaotaka Kisangani wapande sasa hivi, na Adeline akapanda, siku mbili kabla ya ahadi.

Alisimama mbele ya lile shimo la tope, amevaa kitenge kipya. Akawatazama watu waliopakwa udongo, mmoja mmoja.

"Mumbere iko wapi?" akauliza.

"Bado kufika, mama," Papa Séverin alisema kwa adabu kubwa. "Huyu ni remplaçant yake."

Mtu wa tope akasema, "Adeline." Kwa sauti hiyo akamtambua, na mkono ukamwenda mdomoni. Miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kuona magoti ya mume wake mchana.

"Nyumba ni gani?"

Mumbere alinyoosha kidole. Hakukuwa na haja ya kutafuta mlango. Ungeweza kuiona nyumba yote mbele na nyuma, na mto kwa upande wa pili.

"Kuta zote ine," Adeline alisema.

"Nilidanganya," Mumbere alisema. Aliyasema bila foni, mbele ya benchi kubwa zaidi. "Kuta hakuna. Na majirani, walikuwa hawanijue. Juu ya makosa yangu, si yao. Wameanza kunijua jana. Kama unataka kurudi, ndege haijaruka, nitawabebea mizigo mpaka gatini."

Hakutaka arudi. Alitaka kumshika mguu kama mtoto. Lakini mikono ilikuwa na tope, akabaki ameining'iniza.

Adeline alimgeukia Sandrine.

"Nani aliwaambia jina langu?"

"Ni yeye. Tangu asubui hatujasikia habari ingine. Hata vile unakoroma."

"Mi? Nakoroma?"

"Kidogo," Mumbere alisema haraka.

"Toka kwa mto mpaka hapa," Adeline akasema polepole, "batu kumi na moja wameniita Adeline. Moja ameniuliza kama Précieuse angali anaogopa vyura. Mutoto wangu yuko anakula mu mukono ya mama simujue. Miaka tisa Makiso, Mumbere. Miaka tisa!" Kisha akavuta kigoda cha Koko Nyota, akaketi, akavua viatu, na Mumbere akajua kwamba ndege itaruka bila wao. Machozi yalimtoka, yakachora mistari miwili kwenye tope la mashavu, na Georgette akasema sasa anafanana na pundamilia.

Yakazuka mabishano makali kuhusu nani atawalaza wageni. Sandrine aliwataka watoto, kwa kuwa mapacha walikuwa wameshamshika Précieuse kila mmoja mkono wake. Mama Célestine alisema Adeline analala kwa Koko, na asiyetaka azungumze na Koko mwenyewe. Hakuna aliyetaka. Mumbere aliyasikia hayo kwa furaha, akaanza kunawa miguu ili amfuate mkewe.

"Weye unaenda wapi?" Adeline aliuliza.

"Kwa Koko, na weye."

"Juu ya nini? Uliniambia uko na nyumba. Ulisema imeisha." Akamnyooshea kile kiunzi cha fito. "Enda ulale mu nyumba yako."

Mtaa ulipiga vigelegele.

Alilala humo usiku wa siku nne. Paa lilikuwa zuri, kwa hiyo mvua ilimjia kwa pande nne tu. Alfajiri ya kwanza Papa Séverin alipita akielekea kwenye mitego yake, akamwona kati ya fito, akaita, "Papa Précieuse, uliamuka?" Mumbere alijifunika blanketi uso. Wakapita kina mama na beseni za mihogo, wakapita wanafunzi, wakapita watu wa mtumbwi wa kwanza, na kila mmoja aliuliza hivyo hivyo, maana mtu aliyelala wazi huwezi kumpita bila kumsalimu. Alfajiri ya pili alijibu. Ya tatu aliwawahi, akawa anaita yeye kwanza.

Ya nne hakuamka. Baridi ya mvua ilikuwa imempata, homa ikamlaza kama gogo. Alishtuka kwa mkono mzito unaotikisa mguu wake. Papa Séverin alikuwa ameingia kwa kupenya ukuta, nyavu begani, na nyuma yake amesimama Sandrine na maji ya moto, na nyuma ya Sandrine Exaucé, safari hii pamoja na koti lake.

"Haukuita," Papa Séverin alisema. "Tukasema tuje tuone."

Mumbere alitaka kusema kitu, akapiga chafya.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Saa mbili mtaa wote ulikuwa kwenye tope lake, kila mtu kwa miguu yake mwenyewe, na mchana kuta nne zilikuwa zimefika kifuani. Mumbere, amefungwa blanketi, alikanyaga pembeni akidai amepona. Walipofika kwenye dirisha linalotazama kijia, aliomba waliache kubwa kidogo, kiasi cha mtu kuingiza kichwa asubuhi.

Adeline alikuwa upande wa ndani, tope hadi kwenye viwiko. Alipima ile nafasi kwa macho, kisha akampima Papa Séverin.

"Ongezeni," akasema. "Papa huyu iko na kichwa kikubwa."